Stori, Shoo au Magari: Kupima Mitindo ya Video za Muziki

Msanii mkubwa wa Bongo Fleva akiachia kichupa kipya, ubishi huanza siku hiyohiyo. Huyu analalamika kwamba video haina stori. Yule anamjibu kuwa mwenye kutaka stori akatazame tamthilia. Wa tatu anauliza kwa nini msanii apande ndege hadi Afrika Kusini kurekodi kwenye jumba ambalo mfano wake upo Masaki, na wa nne anashangaa jinsi watoto waliorekodiwa wakicheza kwenye vumbi walivyowapita wote kwa idadi ya watazamaji. Wote wanne wanahukumu ubora, ila kila mmoja ameshika kipimo chake.

Ubishi huo ungekuwa burudani tu kama usingekuwa na gharama. Msanii chipukizi anayeusikiliza hukopa fedha akodi magari ya kifahari kwa ajili ya wimbo unaozungumzia maisha ya uswahilini, au hulazimisha hadithi ndefu kwenye wimbo ambao watu wanautaka kwa ajili ya kuucheza. Makala haya yanapanga mitindo mikuu ya video za muziki, yanaeleza kila mmoja ulikotoka, unampa nini msanii na unamnyima nini. Hoja yake ni kwamba mtindo huzaliwa na lango ambalo video inalazimika kulipita ili imfikie mtazamaji. Malango hayo yamebadilika haraka kuliko mazoea ya wasanii, na sehemu kubwa ya ubishi wetu inatokana na kupima video za lango la leo kwa masharti ya lango la jana.

Zilikotoka video hizi

Video ya muziki ilianza kama tangazo: filamu fupi ya kumwakilisha msanii mahali asipoweza kufika mwenyewe. Bendi ya Queen ilirekodi picha za "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 kwa ajili ya vipindi vya televisheni, kwa kuwa wimbo wenye sauti zilizopandana tabaka kwa tabaka ulikuwa mgumu kuutoa jukwaani kama ulivyo. Agosti 1, 1981, kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo Marekani, na tangazo likawa kipindi chenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1983 Michael Jackson na mwongozaji John Landis wakatoa "Thriller", filamu ya kutisha ya karibu dakika 14. Kuanzia hapo msanii alitegemewa aonekane, na aonekane kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyeonekana.

Kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Video nyingi za awali zilikuwa rahisi: bendi au kikundi cha taarabu kimepangwa mbele ya kamera, kinapiga, kinaonekana. Kisha ikaja biashara ya VCD na DVD, ambayo haitajwi sana katika mijadala ya leo ingawa ilitengeneza mtindo kamili. Kwaya na waimbaji wa injili waliuza picha yenyewe dukani, kwa hiyo kila wimbo wa albamu ulihitaji video. Ndiyo sababu video za injili zilijaa bustani, fukwe, mavazi ya sare yanayobadilika kila ubeti na hatua za pamoja: kazi ya albamu nzima ilipaswa kukamilika kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Kazi za Rose Muhando nchini Tanzania na za kwaya ya Ambassadors of Christ ya Rwanda ziliingia sebuleni kwa watu kwa njia hiyo, bila kusubiri ridhaa ya kituo chochote cha kigeni.

Lango lililofuata lilikuwa la bara zima. Vituo vya televisheni vya Channel O, na baadaye MTV Base iliyoanza kurushwa Afrika mwaka 2005, vilileta masharti ya ubora wa picha ambayo studio nyingi za Dar es Salaam hazikuwa na vifaa vya kuyatimiza. Karibu miaka hiyohiyo YouTube ilianzishwa, na taratibu ikawapunguzia nguvu walinzi wote wa malango. Leo lango linalobanwa na watu wengi zaidi ni video fupi ya simu, ya sekunde chache, inayotazamwa kwa bando la bei ndogo.

Msanii mbele ya kamera

Huu ndio mtindo mkongwe na bado ndio unaotumika zaidi. Msanii anaimba akiitazama kamera. Mandhari, mavazi na watu wanaomzunguka vinabadilika. Kiufundi ni mwepesi kuupanga. Wimbo unapigwa kwa sauti kubwa eneo la kazi, msanii anafuatisha kwa mdomo, na mhariri ana uhuru wa kukata popote kwa sababu hakuna mfuatano wa matukio wa kuulinda. Hata ule mwendo wa kuelea unaopendwa sana una siri ndogo: wimbo hupigwa kwa kasi maradufu huku kamera ikinasa fremu 50 kwa sekunde. Picha zikirudishwa kwenye fremu 25, mwili unaonekana kwenda polepole ilhali midomo inaendana sawasawa na maneno.

Nguvu ya mtindo huu ni kuijenga sura. Msanii mpya hana budi kujulikana uso kabla hajajulikana jina, na msanii mkubwa anauza haiba yake, mavazi yake na namna anavyojibeba. Pia unastahimili kurudiwa: mtazamaji anaweza kuingia katikati, akatoka, akarudi kesho bila kupotea.

Udhaifu wake ni kufanana. Msanii asipokuwa na haiba ya kutosha kujaza fremu, pengo hujazwa na vitu vya kukodi, yaani gari, jumba, boti na warembo wasio na kazi zaidi ya kusimama. Vitu hivyo havimtofautishi na mwenzake aliyevikodi wiki iliyopita. Isitoshe, huzeeka: gari lililokuwa la kutamanisha mwaka 2012 linaitangaza video kuwa ya mwaka 2012.

Hadithi

Hapa video inasimulia kisa chenye mwanzo, mgogoro na mwisho, na msanii huweza kuwa mhusika, msimulizi au vyote viwili. Mtindo huu una mizizi katika nyimbo zenyewe. Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa muziki wa visa: Professor Jay alichora mwanasiasa wa ahadi hewa katika "Ndio Mzee", na Ferooz akasimulia maisha ya mtu aliyeambukizwa Virusi vya UKIMWI katika "Starehe". Nyimbo za aina hiyo humpa mwongozaji skripti iliyokwisha kuandikwa. Kazi yake ni kuamua kipi kionyeshwe na kipi kiachwe kwenye maneno.

Faida ya hadithi ni kwamba huyapa maneno uzito na hubaki akilini kwa miaka. Mtu aliyesahau kiitikio bado atakumbuka mgonjwa kitandani au harusi iliyovunjika. Vilevile huupeleka wimbo kwa wasiojua lugha yake, maana machozi hayahitaji tafsiri.

Lakini ndiyo njia inayosamehe makosa machache zaidi. Nguo, nywele na mwanga lazima vifanane kutoka kipande kimoja hadi kingine hata kama vilirekodiwa siku tofauti. Waigizaji wanahitajika, na wasanii wengi wa muziki si waigizaji. Dakika tatu hazitoshi kwa kisa kirefu, hivyo waongozaji huongeza mazungumzo mwanzoni na katikati. Mazungumzo hayo huukatisha wimbo, vituo vya televisheni huyakata, na mtazamaji wa simu huyaruka. Tatizo kubwa zaidi ni marudio. Wimbo unaopendwa husikilizwa mara mia, ilhali kisa chenye mshangao mwishoni hupoteza mshangao huo mara ya pili tu.

Wazo moja

Mtindo wa tatu hauna kisa, na hautegemei anasa. Unachukua wazo moja la kuona na kulishikilia hadi mwisho. Mwaka 2006 bendi ya Marekani OK Go ilirekodi "Here It Goes Again" kwa kupanga mashine nane za kukimbilia za mazoezini na kucheza juu yake bila kukata picha hata mara moja. Video hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Hapa Afrika Mashariki mfano unaosimama ni "Ha-He" ya Just A Band wa Nairobi, iliyotoka mwaka 2010. Wanabendi wenyewe waliitengeneza kwa kuiga kwa utani filamu za mapigano za miaka ya 1970, wakamfufua Makmende, jina ambalo Wakenya walikuwa wakimpachika mtu anayejifanya shujaa. Watazamaji wakalichukua jina hilo na kulitungia vichekesho vyao, na video ikasafiri mbali kuliko wimbo ungeweza kufika peke yake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inabadilisha fedha kwa fikra. Mahali pamoja, vazi moja na siku moja vinaweza kutosha. Gharama yake iko kwenye maandalizi: mazoezi ya wiki kadhaa, na ujasiri wa kukataa vionjo vingine vyote vinavyoshawishi. Hatari zake ni mbili. Wazo likiwa dhaifu hakuna cha kuliokoa, kwa kuwa hakuna uso wala kisa cha kukimbilia. Likiwa kali mno, linaumeza wimbo. Watu watakumbuka ujanja wa video na kusahau nani aliimba.

Shoo

Video ya kucheza ina nasaba ndefu kwetu, kuanzia minenguo ya ngoma na taarabu hadi safu za madansa wa bendi za Kongo waliokuwa wakiigwa Dar es Salaam na Nairobi kabla hata ya intaneti. Kamera inakaa mbali kidogo ili miguu ionekane, na hatua zinatungwa ziendane na kiitikio.

Nguvu yake ya leo inatokana na ushiriki. Mtazamaji wa hadithi hubaki mtazamaji. Mtazamaji wa shoo huweza kuwa mchezaji, akajirekodi na kuueneza wimbo bila malipo. Mwaka 2014 "Sitya Loss" ya Eddy Kenzo wa Uganda ilivuka mipaka kwa sababu ya watoto wa Kampala, Ghetto Kids, waliocheza kwenye ardhi tupu kwa furaha isiyonunulika. Mwaka uliofuata Kenzo alipata tuzo ya BET. Mwaka 2024, "Komasava" ya Diamond Platnumz ilienea kwa watu kuiga mchezo wake kwenye video fupi, na Chris Brown akaingia kwenye toleo lake jipya.

Mfano wa nje unaosaidia kupima ni wa Beyoncé mwaka 2008. Aliachia pamoja "If I Were a Boy", video ya hadithi, na "Single Ladies", iliyoongozwa na Jake Nava ikiwa na wanawake watatu tu wakicheza kwa rangi nyeusi na nyeupe kwenye ukumbi mtupu. Ile ya hadithi ilitarajiwa kuwa kubwa zaidi. Dunia ikaiga ile ya kucheza, na ndiyo iliyotwaa tuzo ya video ya mwaka ya MTV mwaka 2009.

Hata hivyo, shoo haifai kila wimbo. Msanii anayetunga kwa kuwinda sekunde kumi na tano za kuigwa huanza kuandika nyimbo za sekunde kumi na tano. Beti hupungua, kiitikio hurudiwa, na mchezo unaweza kuvuma huku jina la mwimbaji likibaki gizani.

Video nyepesi

Kundi la mwisho ni la video za maneno yanayopita kwenye skrini, katuni rahisi, au picha moja inayosogea kidogo wimbo ukiwa unacheza. Wengi huzidharau, lakini zina sababu ya kiuchumi. Albamu yenye nyimbo kumi na tano haiwezi kupata video kamili kumi na tano, na wimbo usiokuwepo kabisa YouTube utapandishwa na mtu mwingine atakayevuna watazamaji wake. Video nyepesi huwahi sokoni, huzuia wizi huo na hupima ni wimbo upi unaostahili fedha zaidi. Ile ya maneno ina faida ya ziada kwa mashairi mazito na kwa wasikilizaji wa ughaibuni ambao Kiswahili chao hakijakomaa. Ubovu wake unajulikana: haijengi sura, na msanii anayeitegemea peke yake hubaki sauti isiyo na uso.

Sauzi au nyumbani?

Ubishi mkali zaidi hauhusu mtindo, unahusu mahali. Kuanzia karibu mwaka 2013 wasanii wakubwa wa Tanzania walianza kurekodi nje kwa wingi. Video ya kwanza ya "Number One" ya Diamond ilirekodiwa Afrika Kusini na Ogopa wa Kenya, na ya toleo alilomshirikisha Davido ikaongozwa na Clarence Peters wa Nigeria. "Nana" ya mwaka 2015 iliongozwa na Godfather, naye Alikiba akafanya "Aje" mwaka 2016 na Meji Alabi.

Wanaowatetea wana hoja nzito. Afrika Kusini ilikuwa na sekta ya filamu iliyokomaa: kamera za sinema, mafundi wa taa, wasanifu wa mandhari, wakala wa wanamitindo na utaratibu wa vibali unaoeleweka. Mwongozaji anayefahamika kwenye vituo vya bara zima alikuja na ubora uliokubalika huko, na mara nyingi na mtandao wa watu pia. Msanii hakununua picha tu, alinunua tiketi ya kupita langoni.

Wapinzani nao wanasema ukweli. Fedha zilizotoka nje hazikumfundisha kazi kijana wa Kinondoni. Majumba na barabara zisizo na alama yoyote ziliondoa mahali kwenye nyimbo ambazo maneno yake yalikuwa ya mahali. Na mwongozaji asiyejua Kiswahili hupiga picha mdundo. Fumbo la ubeti wa pili humpita.

Kinachosahaulika pande zote mbili ni kwamba mazingira yaliyofanya safari hiyo iwe na maana yamebadilika. Kamera ndogo za picha zenye uwezo wa kurekodi video bora, ambazo Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 iliziongoza, zilishusha gharama ya kuanza kazi. Droni zikafuata. Kazi ya waongozaji waliotangulia kama Adam Juma ilizaa kizazi cha akina Hanscana na Kenny, na "Waah!" ya mwaka 2020, ambamo Diamond alimshirikisha Koffi Olomide chini ya uongozaji wa Kenny, ilionyesha kuwa kazi kubwa inaweza kubaki mikononi mwa wenyeji. Nguvu ya vituo vya bara kuamua nani aonekane imepungua. Kurekodi nje bado kuna maana pale wimbo wenyewe unapodai, au msanii mshirika anapoishi huko. Kama ishara ya hadhi peke yake, ni tiketi ya lango ambalo halina tena foleni.

Mpaka wa maadili

Hakuna mtindo unaofanya kazi nje ya kanuni. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliifungia video ya "Chura" ya Snura kwa sababu ya uchezaji wake. Nchini Kenya, vituo kadhaa vya televisheni viliikataa "Nishike" ya Sauti Sol mwaka 2014. Upande mmoja unaona kwamba Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na wenzao wanalinda watoto na heshima ya wanawake wanaogeuzwa mapambo. Upande mwingine unaona kwamba marufuku hulitangaza lililokatazwa, hasa sasa ambapo YouTube haisubiri ratiba ya kituo, na kwamba mstari unaotenganisha mnenguo wa asili na uchezaji wa aibu hauchorwi mahali pamoja kila mara.

Hoja zote mbili zina uzito, lakini kwa mtengenezaji video athari ni ya vitendo. Mtindo unaotegemea mwili pekee umejifungia mlango wa televisheni ya taifa, matangazo ya kampuni na matamasha ya familia. Anayeuchagua anapaswa kujua anachokipoteza kabla ya kamera kuwashwa.

Kupima

Tukiviweka vyote kwenye mizani, kigezo kinachotenganisha mitindo vizuri zaidi ni uhusiano wa video na marudio. Msanii mbele ya kamera na shoo hustahimili kurudiwa, hivyo hufaa nyimbo zinazotafuta wingi wa watazamaji. Hadithi huchakaa kwa kurudiwa lakini hukaa kwenye kumbukumbu, hivyo hufaa nyimbo zenye ujumbe ambao msanii anataka utajwe baada ya miaka kumi. Wazo moja likifanikiwa hupata yote mawili, ila hufanikiwa mara chache. Video nyepesi hainuii lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kuwahi.

Kigezo cha pili ni mapato. YouTube hulipa kutokana na matangazo, na watazamaji wa Ulaya na Marekani huingiza zaidi kuliko idadi ileile ya watazamaji wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo watazamaji milioni moja wa nyumbani huenda wasirudishe gharama ya video ghali. Fedha hurudi kupitia maonyesho, mikataba ya matangazo na jina. Msanii ambaye bado hana njia hizo hana sababu ya kutumia akiba yote kwenye video moja. Ni heri atoe tatu za kiasi: mbili za uso na shoo ili ajulikane, moja ya wazo ili atofautishwe.

Kigezo cha tatu ni wimbo wenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mashairi ya Kiswahili yana mafumbo, vijembe na visa kwa wingi, lakini video nyingi huyapita kama hayapo. Hilo halimaanishi kurudi kwenye tamthilia za dakika nane. Inawezekana kuchukua tukio moja la ubeti, likachezwa bila mazungumzo kati ya vipande vya msanii akiimba. Mchanganyiko wa aina hiyo hubakiza kisa, hauukatishi wimbo, na unarekodiwa ndani ya siku moja.

Kwa muhtasari

Wabishi wote wanne tulioanza nao wana sehemu ya ukweli. Anayedai stori anatetea kumbukumbu. Anayeikataa anatetea marudio. Anayelalamikia safari ya Sauzi anatetea mahali na ajira, ingawa husahau kwamba safari hiyo ilikuwa na sababu yake wakati wake. Anayeshangazwa na watoto wa kwenye vumbi ameona nguvu ya ushiriki. Mtindo wa kuonyesha uso hujenga jina, hadithi huyapa maneno uhai, wazo moja hutofautisha, shoo hueneza, na video nyepesi hujaza pengo kwa gharama ndogo. Hakuna unaofanya kazi ya mwenzake.

Uamuzi mzuri basi unaanza kwenye wimbo, unapita kwa mtazamaji anayelengwa na njia atakayoipata video, na unafika kwenye fedha mwishoni. Wasanii wengi huanza na fedha au na video ya mshindani, kisha hutafuta wimbo wa kuivalisha. Kwa msanii wa kawaida wa Afrika Mashariki leo, mizani inaelemea upande mmoja: wazo lililofanyiwa mazoezi, mahali panapotajwa na wimbo, na mwongozaji anayeelewa kila mstari vitampa zaidi ya jumba la kukodi katika mji wowote.